Kwa Mwende, Kabla Basi Halijafika Jogoo Road

Kaloleni,
Alhamisi jioni

Mwende, mwaitu,

Sitaanza kwa kukwambia kwamba mimi ni mzima na hofu ni kwako, maana uko hapo ng'ambo ya ukuta na bila shaka unanisikia nikikohoa. Mimi nami nakusikia. Umekaa chini kwa Mama Wanjiru, kichwa kimebanwa katikati ya magoti yake, na kila akivuta unalia, "Woi, Mama Wanjiru, polepole!" Naye anakujibu kwamba usipotulia atakuachia nusu kichwa uende Chuo Kikuu hivyo hivyo. Mama yako yuko kwaya. Nyumba ni yangu peke yangu, meza ni yangu, na sijui nitapata lini tena nafasi ya kusema neno mpaka mwisho bila kukatizwa.

Ya blanketi, ya sabuni, ya kutolala na nywele mbichi, hayo mama yako amekwambia mpaka umeyajua kwa moyo. Mimi nayaruka. Ninataka kusema juu ya Jumapili, pale mezani, na lile neno ulilosema.

Mwaka jana ulipoingia Chuo uliondoka na begi moja, ukawa unarudi kila Jumamosi na nguo za kufua. Kesho unaondoka na sanduku. Umetoa hata picha yako ukutani, ile ya sare za shule, msumari umebaki peke yake na mama yako ameutundikia kalenda ili tusiuone. Ukatuambia mwaka huu wikendi utakuwa na kazi nyingi. Sawa. Mimi ni dereva, mwaitu, najua gari linalokwenda kurudi na najua gari linalohama. Sikulaumu kwa kuhama. Hata mimi nilitoka Machakos nikiwa mdogo kuliko wewe, na sikumwomba mtu ruhusa. Mama yangu, ambaye jina lake umelibeba ndiyo maana nakuita mwaitu, yaani mama, alinifungia viazi vikuu kwenye kitambaa akaniambia niende, akaingia ndani kabla sijafika barabarani.

Kwa hiyo enda. Ila utaenda ukiwa umesikia hadithi hii, maana sehemu yake unaijua vibaya na sehemu nyingine hujawahi kuambiwa.

Jumapili ulikuja na furaha. Ulitueleza kwamba Jumamosi hii nyinyi wanafunzi mliojitolea mtakwenda uwanja wa ndege wa Embakasi kuwapokea wanafunzi wapya wanaotoka nchi za nje. Uganda, Sudan, Uhabeshi, Zambia, Uswazi, ulizitaja moja moja ukihesabu kwa vidole. Mtawabebea mizigo, mtawaonyesha vyumba vyao, maktaba, benki, mahali pa kununua stampu. Na wewe umechaguliwa kiongozi wa basi. Utakaa kiti cha mbele kando ya dereva, na dereva ataenda utakakomwambia aende. Nilifurahi hata chai ikanipalia. Binti yangu kiti cha mbele!

Ndipo mama yako, masikini, akasema kwa furaha yake, "Basi muwalete hapa kwanza wanywe chai, kama wale wa zamani."

Ukaweka kijiko chini. Ukasema, "Mama, hao ni wageni wa Chuo. Watatuona aje?"

Mama yako alianza kukusanya sahani na watu bado wanakula. Mimi nikapiga meza. Nilifanya makosa kupiga meza, mchuzi ukamwagikia gauni lako, na mtu akishapiga meza hakuna tena anayesikia maneno yake. Ukaingia chumbani ukafunga mlango. Neno nililotaka kusema likabaki hapa kifuani tangu Jumapili, na nimechoka kulibeba.

Neno lenyewe ni kwamba hiyo "watatuona aje" niliisikia zamani, maneno yale yale, kutoka kwa msichana mwingine wa Chuo, ndani ya basi nililokuwa nikiliendesha mimi.

Ndiyo, mimi. Wewe umenijua na lori la jikoni pale Chuoni, la kabeji na makaa. Shuleni walikuita binti wa kabeji ukaja ukilia, nami nikakununulia peremende, sikukueleza kitu. Najua umekuwa ukidhani sikupewa gari la maana kwa sababu Kiingereza changu ni cha kukwaruza. Sikiliza basi. Kabla ya lori nilikuwa dereva wa basi la Chuo, lile kubwa la viti vyenye kitambaa. Nililiosha mwenyewe kila asubuhi, na utingo akiligusa kwa mikono ya mafuta tulikuwa tunakosana siku nzima. Kila mwaka wageni wakija, mimi ndiye niliyewaleta kutoka Embakasi, pamoja na vijana wa kujitolea kama nyinyi.

Na njia ilikuwa moja. Mombasa Road, unanyoosha, unaingia Uhuru Highway, wageni wanaona maua na majumba marefu, unafika Chuo. Mkono wa kulia haukuguswa. Hakuna mtu aliyeiandika sheria hiyo lakini kila dereva aliijua. Wageni walikuwa wakiona moshi upande ule wakauliza ni nini, na vijana wetu wakajibu, "Industrial Area, ni viwanda tu," halafu wakawaonyesha swala wa mbugani upande wa pili. Watu wanaotoka kwenye viwanda hivyo jioni wanakwenda kulala wapi, hilo halikuwa sehemu ya matembezi. Mimi nilikuwa hapo hapo kwenye usukani, mtu wa Kaloleni mzima mzima, na kwenye matembezi yao sikuwa natoka mahali popote.

Siku moja, Jumapili, ndege ilileta wageni mapema. Mwangalizi wa mabweni alikuwa hajarudi, funguo zote anazo, na simu ya ofisini ililia tu bila mtu kuishika. Kiongozi wa vijana alikuwa kijana mmoja mrefu anayeitwa Odhiambo, mcheshi sana, lakini siku hiyo ucheshi ulimwisha. Wageni walikuwa wamekaa juu ya masanduku yao pale uwanjani, wengine wamelala wakiwa wameketi. Kulikuwa na msichana mwembamba kutoka Uhabeshi aliyekuwa amekumbatia begi lake kwa mikono miwili, kana kwamba sisi ndio wezi.

Odhiambo akanijia dirishani. "Mzee, hii maneno imetushinda. Bweni imefungwa mpaka jioni. Tuwapeleke wapi?"

Msichana mwingine wa kujitolea, aliyevaa viatu vyeupe visivyo na doa, akasema tuwaketishe tu kwenye ngazi za bweni wangoje.

Nikamtazama yule wa Uhabeshi na begi lake. Nikasema, "Mimi nina nyumba."

"Wapi, mzee?"

"Kaloleni."

Yule wa viatu vyeupe akamshika Odhiambo mkono. "Odhi, hapana. Hao ni wageni. Watatuona aje?"

Odhiambo akaniangalia, nami nikamwangalia. Akasema, "Twende, mzee. Njaa haiulizi estate." Akawapandisha wote.

Tulipofika pale pa kukata, nikakata kulia. Mwaitu, nimeendesha magari maisha yangu yote lakini ile kona naikumbuka mpaka leo, uzito wa usukani, na vile basi lilivyoinama kidogo na watu wote wakainama nalo. Industrial Area ilikuwa kimya, Jumapili, walinzi tu na mbwa wao. Tukatokea Jogoo Road. Nikaingia Kaloleni na basi la Chuo Kikuu, na watoto wa estate nzima wakalifuata wakipiga mabati yake, na wewe ukiwa mmoja wao, bila viatu, umevaa shati langu.

Mama yako alikuwa anafua hapo mbele, sabuni mpaka kwenye viwiko. Kuona basi akajua nimefutwa kazi ama nimegonga mtu. Akaniuliza kwa Kikamba, "Umefanya nini?" Nikamwambia nimeleta wageni. Akawatazama, akaitazama leso aliyojifunga, iliyolowa, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na leso kavu na jiko lilikuwa linawaka.

Unajua chai ya wageni ilivyo kwa mama yako. Haitiwi maji. Ni maziwa matupu, majani, sukari na tangawizi. Pakiti za maziwa zikatoka nyumba hii na nyumba ile, Mama Wanjiru akaleta za kwake na sufuria yake kubwa ya harusi, viti vikatoka kila mlango. Wageni wakakaa hapo nje kwenye nyasi. Mama yako akaanza kugawa, na kikombe cha kwanza, kile cha maua, akampa yule msichana wa Uhabeshi, kwa sababu ndiye aliyeonekana amechoka kuliko wote.

Yule msichana akakiangalia kikombe. Akatikisa kichwa. Akakirudisha.

Mama yako akadhani ni haya ya ugenini. Akamsukumia tena. Wewe unajua kwetu mgeni haulizwi kama atakula ama atakunywa, ukimuuliza ni kama unatafuta njia ya kumnyima. Unampa tu, akikataa unampa tena. Basi mama yako akampa tena, na tena, na kila mara yule msichana akarudisha, mpaka macho yake yakajaa machozi. Mama Wanjiru akasema chini chini kwa Kikuyu maneno ambayo sitayaandika.

Mama yako akanigeukia. "Amekataa chai yangu. Ni uchafu ameona?"

Na mimi nilikasirika, sikufichi. Nilijiambia, nimehatarisha kazi yangu kumleta huyu, ametoka safari ya njaa, na bado anachagua. Tayari nilikuwa nimetafuta funguo mfukoni. Tungeondoka wakati ule, na mpaka leo tungekuwa tunasimulia juu ya Mhabeshi mwenye maringo aliyekuja kututukana mlangoni petu. Nimefikiria sana ni watu wangapi nimewahi kuwaona wabaya hivyo hivyo kwa sababu nilishika funguo mapema.

Odhiambo akajaribu Kiingereza. Msichana akatoa msalaba uliokuwa shingoni kwa uzi, akaonyesha msalaba, akaonyesha maziwa, akatikisa kichwa. Alikuwa anafunga. Katika dini yao siku za kufunga hawagusi nyama wala maziwa.

"Hata sisi ni Wakristo," mama yako akasema, "na tunakunywa."

Ndipo msichana akainuka. Akaenda mpaka kwenye jiko, akachuchumaa na nguo zake za safari, akaonyesha birika la maji, halafu akaonyesha mkebe wa majani ya chai. Basi. Hapo kila mtu akaelewa anataka nini. Alikuwa anataka strungi.

Sasa hapo ndipo palikuwa na kazi, mwaitu. Strungi sisi tunakunywa mlango ukiwa umefungwa, mwisho wa mwezi, maziwa yakiwa yamekwisha. Kumpa mgeni chai ya rangi, nje, watu wote wakiona, ni kumwambia kwamba huna kitu ama kwamba humtaki. Mama yako alikataa. Akasimama na birika mkononi, akasema, "Siwezi. Mtu ametoka ndani ya ndege nimpe strungi? Watasema nini?" Kwa hiyo ujue sikusemi wewe peke yako. Hilo neno liko katika nyumba hii tangu zamani, tulikulea nalo bila kujua, na siku ile lilimshika mama yako mkono.

Mwishowe alimpa. Alimpa akiangalia chini. Msichana akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akafumba macho, na mabega yake yakashuka. Kisha akanyoosha kikombe aongezwe.

Mama Wanjiru alikuwa ameshika kikombe chake cha maziwa. Akakiangalia, akakuita wewe, akakupa. "Shika, kunywa. Mama Mwende, na mimi nipatie hiyo ya rangi. Huyu mtoto hawezi kunywa peke yake kama mtu amefungiwa Kamiti."

Tukacheka. Odhiambo naye akampa mtoto kikombe chake. Mimi pia. Wageni wengine nao wakaiga, wakadhani ndiyo desturi yetu. Siku hiyo watu wazima wote wa hapa mbele tulikunywa strungi, hadharani, bila haya, na chai ya maziwa matupu ikanywewa na watoto wa Kaloleni mpaka matumbo yakawauma. Wewe ulitapika usiku huo, lakini ulitapika ukiwa na furaha.

Yule wa viatu vyeupe hakushuka. Alibaki ndani ya basi, ameinamisha kichwa chini ya dirisha. Mama yako akamwona. Akaniuliza, "Na yule?" Nikasema amekataa kushuka, muache na maringo yake. Mama yako hakumwacha. Akajaza kikombe, akapanda ngazi za basi, akampa humo humo ndani, akasimama hapo mpaka akamaliza, akashuka na kikombe. Aliniambia baadaye, "Kila mtu akipita dirishani alijikunyata. Huyo si mtoto wa matajiri. Huyo anaogopa."

Alisema kweli. Odhiambo alikuja kuniambia kwamba nyumbani kwao yule msichana ni Mathare, kwenye mabanda. Alikuwa amewaambia wenzake anatoka mahali pengine, na alijificha kwa sababu mama yake alikuwa akiuza mboga huku kwetu siku nyingine, na aliogopa mtu atakuja dirishani amwite kwa jina. Nilipoambiwa hivyo hasira yote iliniisha. Nimemfikiria mara nyingi, Mwende. Alikaa kwenye joto ndani ya basi, watu wakicheka nje, akiwaogopa watu ambao wangemfurahia kuliko mtu yeyote mle Chuoni.

Jumatatu niliitwa na mkubwa wa magari. Yeye hakuuliza kama wageni walikula wala walilala wapi. Alisema, "Wageni ya Chuo unapeleka lokesheni? Wewe ni wazimu?" Lokesheni! Mzungu aliyeanza kuita mitaa yetu hivyo alikuwa ameshapanda meli zamani, na huyu, mtu mweusi kama mimi, ameliokota neno lake akaendelea nalo. Akaniambia niseme tu kwamba nimekosa, mbele ya madereva wenzangu, na mambo yatakwisha, nitarudishiwa basi langu.

Nikamuuliza, "Nimekosa nini? Wageni walikuwa na kiu."

Akarudia. Nami nikarudia. Tukaendelea hivyo mpaka akachoka, akanipa funguo za lori la kabeji. Nimeliendesha tangu siku hiyo. Iliniuma, na nisingekuwa baba wa kweli nikikwambia haikuniuma. Nimekuwa nikisimama langoni na makaa yangu, nikiliona basi likipita limejaa wageni, likinyoosha na ile njia ya maua. Wapo walionishauri nikaombe msamaha, neno moja tu, linakugharimu nini? Mama yako alininyamazia wiki nzima. Nikadhani ana hasira kwa sababu nimepoteza basi. Siku aliyofungua mdomo alisema, "Ungeomba msamaha, ndipo ungenikosa." Akaniongezea ugali.

Na sasa nikwambie nilichopata. Yule msichana aliitwa Sehai. Ndiyo, Sehai wako, yule aliyekuwa akija kila Jumapili akikubeba mgongoni. Wewe ulidhani alikuwa jamaa yetu, hata ulibishana na mwalimu. Alianza hapo kwenye jiko, na birika. Kwao kulikuwa na shida, hakuweza kurudi hata likizo, kwa hiyo likizo zake alizimalizia hapa, akilala nawe kitanda kimoja. Alipomaliza masomo aliondoka kwenda nchi nyingine, na mama yako alilia kwa ajili yake kuliko alivyolia kwa ajili ya dada yake mwenyewe alipoolewa. Ile mistari myembamba myembamba unayosukwa sasa hivi, inayokufanya ulie "woi," Mama Wanjiru alijifunza kwa Sehai, na kichwa walichofundishia kilikuwa chako.

Kwa hiyo, watatuona aje? Nitakujibu leo kwa utaratibu, meza iko salama. Watatuona tumekaa nje. Wataona nguo kwenye kamba, na vigae vilivyovunjika ambavyo City Council inaahidi kuvirekebisha tangu hujazaliwa. Wataona watoto wengi. Watanusa kile kiwanda upepo ukigeuka. Wataona hall yetu, ambamo watu walikutana wakisema mambo ya uhuru wakati huko kwenye maua walikuwa hawaruhusiwi hata kukaa kwenye benchi. Watamwona mama yako. Waone! Ni nini hapo cha kufunikwa? Nimechoka kufunikwa, Mwende. Nimefunikwa na Mzungu, nikafunikwa na mkubwa wa magari, na sitakubali kufunikwa na mtoto niliyemvalisha shati langu.

Ungefikiria pia hao wageni. Watoto wa watu hao wanashuka kwenye ndege na moyo uko mdomoni. Maua hayamsaidii mtu anayeogopa. Sehai hakukumbuka ua hata moja la Uhuru Highway, nilimuuliza. Alikumbuka mama yako akiangalia chini, akakumbuka Mama Wanjiru akigawa kikombe chake. Aliniambia siku hiyo ndipo alipoliacha begi lake chini kwa mara ya kwanza tangu atoke kwao.

Sasa, Jumamosi dereva wako ni Musyoka. Ni rafiki yangu, lakini sijamwambia kitu na sitamwambia. Atakwenda utakakosema. Mkifika pale pa kukata, yeye atakutazama wewe. Sikudanganyi kwamba ukisema kulia hakutakuwa na la kulipia. Wanaweza kukuvua huo uongozi. Wenzako wanaweza kujua unatoka wapi na wakabadilika, maana wasomi nao wana mambo yao. Mimi nililipia na bado nalipia, na sitakulipia wewe. Kona ni yako, na ukinyoosha nitabaki baba yako, nitakuletea kabeji mlangoni mwa jikoni na nitakusalimu ukitaka kusalimiwa.

Lakini chai itapikwa. Hilo sikuulizi. Nimeshawaambia majirani, Mama Wanjiru anakanda mandazi kesho kutwa alfajiri, na viti vya kanisa nimeviazima. Hatuhitaji ruhusa ya Chuo Kikuu kubandika sufuria mlangoni petu. Zitakuwa mbili safari hii, moja ya maziwa na moja ya strungi, zote mbili nje, zote mbili mbele ya watu. Msipokuja tutakunywa wenyewe, watoto watafurahi, na hutasikia nung'uniko kutoka kwangu.

Na kama katika basi lako mna msichana wa kwao Sehai, sijui utamsalimu kwa lugha gani. Ila kichwa chako atakijua kwa hiyo mistari kabla hujafungua mdomo.

Mama Wanjiru amesema umekwisha, unasimama. Naacha hapa.

Mimi baba yako,
wa Kaloleni.

Nimerudi kutoka kwaya nikamkuta akiandika, nikamnyang'anya. Mwende, ni mama. Baba yako amesema mengi, mimi nina moja. Simamisha tu basi. Ukiona haya kushuka, usishuke, kaa humo humo ndani. Nitakuletea.